Faida ya Mashine ya Katito

S.L.P. 418,
Kisumu.
16 Juni 1974

Mpendwa kaka Tom,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo wewe, na wifi Nasipwondi, na watoto? Joto la Mombasa linasemaje? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii, na sababu utaiona. Nakuandikia Kiswahili ili wifi naye ajisomee, maana jambo hili ni lenu wote wawili.

Mvua imetuachia matope na mbu, lakini mahindi ya Mama yamesimama vizuri.

Barua yako niliipata. Unasema mwisho wa mwezi utaacha kazi bandarini uje kuendesha mashine ya kusaga ya Baba, kwa kuwa kila ukija likizo unakuta mkebe wa pesa umejaa. Tangu niisome nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga, sikai mahali pamoja. Tafadhali usimwandikie mkubwa wako chochote kabla hujamaliza kusoma hapa.

Unajua nilikuja chuoni kusomea upishi wa hoteli. Kumbe mpishi naye lazima asome hesabu za biashara. Mwanzoni nilinuna. Mwalimu Wepukhulu alipotuambia kwamba mtaji wa mwenye duka ni deni la duka kwake, nilidhani amelewa. Polepole nikaelewa: duka lihesabiwe peke yake, na mwenyewe peke yake. Siku hizi siwezi kula samaki bila kuuliza mafuta na makaa yamegharimu nini. Wenzangu wananikimbia mezani.

Basi mwalimu akamtaka kila mmoja alete biashara anayoijua. Nikaleta mashine yetu, kwa majivuno. Niliandika mapato, nikatoa dizeli na mikanda, faida ikabaki nono. Akauliza uchakavu uko wapi. Alimaanisha kwamba mashine inaisha kidogo kidogo kila inaposaga, na huko kuisha nako ni gharama ya kila mwaka. Nikatoa. Faida ikakonda, ila ilikuwa hai bado.

Kisha kalamu yake nyekundu ikasimama kwenye mshahara wa mwendeshaji, mahali nilipochora kistari tu. Nikasema huyo ni Baba, halipwi. Akaniambia niandike anacholipwa mwendeshaji wa mashine ya kule Pap Onditi. Nikaandika, ikawa hasara. Kaka, ule mkebe unaouona umejaa ni jasho la Baba. Mashine haimlishi Baba, Baba ndiye anayeilisha.

Jana nilikwenda Katito kumwambia. Nilimkuta akiunga mkanda uliokatika, nyusi nyeupe kwa unga. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Nyara, na mimi umeniandika wapi?" Mimi bintiye nikamwonyesha kile kistari. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Halafu akasema, "Tom asiambiwe hiyo maneno ya hasara. Wacha yeye akuje. Hii kazi imenishinda. Mkono ya kulia hainyanyui debe tena."

Nilikasirika, nikamwonea huruma, nikakasirika tena. Yuko radhi uache mshahara kwa ajili ya mkebe, kuliko akwambie kwamba amechoka. Leo kanisani sikusikia hata mahubiri. Nikinyamaza nimekudanganya wewe, nikisema nimemvunjia Baba heshima. Haya, nimesema.

Sikukatazi kuja. Ila ukija, jua kwamba hakuna faida ya kuwalisha ninyi na watoto; mtakuwa mmekuja kwa ajili ya Baba. Au baki huko, umwandikie wewe kama mwana mkubwa kwamba mashine iuzwe ingali inasaga, apumzike. Mimi hatanisikiliza. Kaeni na wifi mlizungumze, lakini msikawie, kwa sababu kila asubuhi anaiwasha.

Nisalimie Ouma na Metrine, uwaambie shangazi yao sasa anajua kupika maandazi na hasara pia. Mama anawakumbuka nyote. Mungu awafunike huko mliko na awape neno moja ninyi wawili.

Baba naye anakusalimu sana. Hajui kwamba nimekuandikia. Ameanza kuikandika nyumba yako upya, kwa mkono wa kushoto.

Wako akupendaye,
dada yako Dorca