Mlezi mpya wa mti wangu

Shoga, acha hicho unachofanya usome hapa. Yule mwenye duka jirani yangu ameumwagia mti wangu maji ya chumvi. Maji ya chumvi!

Ule tuliopanda na kikundi chetu cha miti pale dhoruba ilipong'oa ule mkubwa. Nimeubebea maji kwa mgongo huu huu unaoujua.

Nimemkuta juzi na ndoo. "Baba, unafanya nini?" Ananijibu mkavu, "Bibi, mti huu ukikua utaziba bango la duka langu."

Eti bango!

Nikamwacha na ndoo yake nikaondoka. Wewe unanijua nikiondoka bila kugombana.

Leo kwenye mkutano wa kikundi nikasimama nikamsifu. Nikasema jirani yangu anaupenda ule mti, nimemwona kwa macho yangu akiumwagia maji, basi mimi nimechoka, awe mlezi wake yeye. Watu wakapiga makofi. Mkewe akapiga vigelegele! Angekataaje?

Na sheria ya kikundi unaijua: mti ukifa, mlezi anapanda miwili palepale.

Majani yameshaanza kukauka, shoga. Nimelia kidogo.

Halafu nikafuta machozi, nikaenda kumchagulia miche. Nimechukua ile inayotanua matawi.