Leseni ya Pili

Savonlinna, Alhamisi

Mdogo wangu Jouko,

Theluji imeanza kuyeyuka na paka wako amenenepa kupita kiasi. Ila sikiliza: tumeshinda!

Tangu Baba atutoke, hakuna kiwandani kwetu anayejua jiko lipi la bafu la mvuke la sauna linauzika, kwa hiyo nikatafuta programu ya kompyuta ya kutoa ripoti za mauzo. Muuzaji akaja kutoka London, akataka tumlipie kila mfanyakazi leseni kamili ya kuitumia, hata anayesoma ripoti tu. Tukanywa kahawa, tukatulia kama maji mtungini, tukifikiri kwanza kabla ya kujibu, kama tulivyolelewa. Yeye akadhani tumekasirika.

"Basi, wasomaji wasilipe," akasema.

Tukaendelea kufikiri. Jasho likamtoka.

"Haya, na mafunzo ni bure! Jamani, semeni chochote!"

"Nikuongezee kahawa?" nikamuuliza.

Akatia saini mkataba papo hapo. Alipoondoka tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Leseni za kutengeneza ripoti ni mbili tu. Moja yangu. Ya pili nimeiandikisha kwa jina lako. Umenyamaza tangu siku ya mazishi, na watu wanasema umekasirika. Mimi nawaambia bado unafikiri.

Kahawa ipo jikoni.

Dada yako,
Sirkka