Kwa Dada Mchongaji, Uliyetaka Kazi Zako Ziguswe

Mwaka umetimia, Dada, tangu tulipoitundika aproni yako nyuma ya mlango wa karakana. Ingali pale. Hakuna aliyethubutu kuifua, maana mifukoni mwake mna vipande vya mti ulivyoviokota mwenyewe, nasi hatujui kipi kilikuwa takataka na kipi kilikuwa pua ya mtu.

Ulikuwa ukiingia nyumbani kichwa kimejaa vumbi la mbao, kama mtu aliyezeeka njiani. Wanao walikutoa vibanzi kwenye nywele kabla hujakaa. Chai yako ilikuwa ikipoa ukiitazama tu, kisha ukainywa na vumbi lake, ukasema hiyo ndiyo sukari ya fundi. Mumeo, shemeji yetu, alizoea kulalamika kwamba alioa mke mmoja akaletewa pamoja na msitu. Siku hizi shuka zake ni safi. Hajalalamika tena, na tungempa chochote ili alalamike.

Hukuanza kwa kupigiwa makofi, na hili tunalisema wazi kwa sababu wapo waliojitokeza msibani wakadai walikuamini tangu zamani. Mjomba wetu seremala alikufukuza mlangoni kwake akiuliza mwanamke na patasi wapi na wapi. Baadaye yeye huyohuyo akawa anakuita umnolee patasi zake. Ulipopata kazi ya kufundisha uchongaji chuoni, walikupa stoo ya viti vibovu karibu na vyoo, wakaiita idara. Bwana mmoja wa ofisini, naye anajijua, alisema mbele za watu kwamba sanaa haijazi tumbo. Ulicheka ukaenda zako. Sisi hatukucheka. Kiti alichokuwa amekikalia, kuna mtu alikichonga.

Vile viti vibovu ulivitengeneza na wanafunzi wako kimoja kimoja. Ikawa ndiyo kazi yao ya kwanza ya mwaka.

Wanafunzi wako wanajua jinsi ulivyofundisha. Ulimfunga mtu kitambaa machoni, ukamtia kitu mkononi, ukamwambia akieleze. Kijiko. Jiwe. Kiazi. Mmoja alipapasa na kupapasa akasema ni kichwa cha mzee mwenye hasira, kumbe ni kiatu chake mwenyewe. Darasa zima lilianguka kwa kicheko, wewe ukawanyamazisha. "Hajakosea," ulisema. "Jicho limesoma sana, linajidai. Mkono hauna elimu ya kudanganyia. Ulizeni mkono." Tangu siku hiyo kijana yule akaitwa Mzee Kiatu, na leo ni mchongaji mwenye karakana yake.

Hukupenda kabisa vibao vya "Usiguse". Kwenye maonyesho uliving'oa kwa mkono wako ukavitia mfukoni. Ulisema kazi isiyoguswa ni maiti iliyopambwa.

Ndipo tufike kwenye gogo. Upepo ulipouangusha ule mti mkubwa nyuma ya maabara, jikoni walitaka kuni. Ulilikalia gogo lile kama kuku juu ya mayai, mpishi mkuu akaja, akabembeleza, akatisha, akaondoka. Humo ndimo ulimomtoa Mama.

Ulimchonga ameketi, mikono magotini, shingo imeinama kidogo upande. Kila anayemfahamu Mama anaijua shingo ile. Tangu alipopoteza macho, mlango ukilia tu huinamisha kichwa hivyo asikilize nyayo, kisha akutaje kabla hujapiga hodi. Uso uliusugua kwa msasa ukawa laini kama kiganja. Mgongo uliuacha na alama zote za patasi. Ulituambia Mama ndiye wa kwanza atakayemgusa, kabla ya mgeni rasmi yeyote. Hukufika siku hiyo.

Chuo kilimweka Mama huyo wa mti ukumbini, mbele kabisa, chini ya taa. Ndani ya sanduku la kioo. Na kibao.

Tulimpeleka Mama. Alikuwa amevaa nguo aliyoiweka kwa ajili ya shughuli hiyo tangu ulipokuwa hai. Alinyoosha mikono, mlinzi akamzuia kwa adabu, "Bibi, hairuhusiwi." Mama akapitisha kiganja juu ya kioo taratibu. "Miti ya siku hizi ina baridi," akasema. Alijua fika kwamba ni kioo. Alikuwa anamsema aliyekiweka, naye alisikia.

Mdogo wako, yule uliyempa jina la Kipaza kwa sababu akiomba chumvi mezani hata jirani wa pili huleta, aliingia ofisini kwa mkuu wa chuo. Tuwe wakweli, mkuu wa chuo hakumtukana mtu. Alieleza kwamba mikono ina mafuta na jasho, mti huharibika, na kwamba kioo kile ni heshima kwako. Kipaza akamuuliza ni lini mtu aliheshimiwa kwa kufungiwa. Akamkumbusha ile stoo, viti, yale maneno ya tumbo, akapanga kila jambo kwa mwaka wake. Walitoka hapo hawasalimiani. Akarudi tena na tena. Akasimama langoni akahutubia waliopita, mpaka muuza magazeti akamwomba asogee kidogo kwa sababu wateja hawasikii bei.

Kelele hazikufungua kioo, Dada. Tunajua ungetuambia hivyo.

Walioanza ni wanafunzi wako. Mchana mmoja walikuja ukumbini wakalizunguka sanduku, wakajifunga vitambaa machoni, wakanyoosha mikono. Basi. Hawakusema neno. Kesho yake wakaja tena. Waliomaliza chuo zamani wakajiunga nao, Mzee Kiatu akiwemo, na vumbi la karakana yake mwilini. Wafanyakazi wa ofisini wakawa wanapita kwa mzunguko nyuma ya jengo, kwa sababu ni vigumu kupita katikati ya mikono mitupu inayongoja.

Mwishowe mkuu wa chuo alituma ujumbe. Angefungua kioo kwa ajili ya Mama peke yake, mara moja, kisha kirudishwe. Kipaza alikataa palepale. Ama kwa wote ama hapana, alisema, tukikubali nusu watatupa robo. Alikuwa na hoja, na alikuwa anaendelea nazo, Mama alipomkatiza.

"Mwanangu, kelele utapiga baadaye. Wewe una muda. Mimi nina umri."

Tukaenda.

Mkuu wa chuo alifungua mwenyewe, akasimama pembeni na ufunguo mkononi. Mama alianza na uso. Alipita kwenye paji, kwenye nyusi, akafika puani akaguna. "Pua hii kanipa ya baba yake." Tukacheka, hata mlinzi. Akashika mashavu, akasema umempendelea, hajawahi kuwa na mashavu mazuri hivyo hata alipokuwa mwari. Akashika mikono ile iliyo magotini, akailaza yake juu, akatulia. Tukadhani amemaliza.

"Nizungusheni nyuma," akasema.

Mgongoni vidole vyake vilipanda mpaka bega la kulia, ulikoanzia. Alama za patasi pale ni ndefu, zimeingia ndani, kila moja imetoka kwa pigo moja. Akazifuata zikishuka. Katikati ya mgongo zinafupika. Kuelekea kiunoni zinakuwa ndogo, zimebanana, mahali pa pigo moja pana mapigo matatu, mengine yamekwaruza tu. Vidole vya Mama vikapunguza mwendo.

"Hapa alipumzika," akasema.

Akasogea upana wa kidole. "Na hapa."

Alifika chini kabisa, pale ambapo mtu mwenye macho huona kivuli tu, akabaki pale muda mrefu.

"Alikuwa anaumwa," akasema. "Si ndiyo?"

Dada, tulikuwa tumenyamaza kama ulivyotuagiza. Ulisema asiyeona akipewa wasiwasi hana pa kuuweka, atakaa nao gizani. Tulimwambia uliondoka ghafla, usingizini, bila maumivu. Aliamini, akatufariji sisi. Kipaza alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaufunga.

Mumeo ndiye aliyejibu. "Ndiyo, Mama. Tangu mwanzo wa mvua."

"Mvua zile alipoacha kuja?"

"Zile, Mama."

Mama aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza nani kaingia. "Nilikuwa nikimsema," akasema. "Kila Jumapili nilikuwa nikimsema kwamba amekuwa mtu mkubwa, hana nafasi ya kuja kumwona mama yake. Na nyie mlinisikia."

Tulimsikia. Na wewe ulimsikia, Dada, kwenye simu, ukacheka, ukamwambia Mama samahani, kazi nyingi. Ulikuwa umelala ubavu kwa sababu hukuweza kukaa.

Hakututukana. Tulikuwa tumejiandaa kutukanwa na tungepokea. Aliomba kiti. Mlinzi yuleyule alikimbia kukileta, akakiweka mbele ya sanamu, Mama akasema hapana, nyuma. Akaketi, akaweka viganja vyote viwili pale chini, palipo na mikwaruzo, akaanza kusugua kwa mzunguko, polepole. Kifunguamimba wako akauliza kwa sauti ndogo bibi anafanya nini. Sisi tuliozaliwa nyuma yako tunaujua mzunguko huo. Ndivyo alivyotusugua mgongo utotoni tulipokuwa na homa, mpaka usingizi uje.

Saa ya kufunga ilifika ikapita. Mkuu wa chuo hakumgusa bega, hakukohoa, hakutazama saa. Alikaa kwenye ngazi na ufunguo wake. Tunamlaumu kwa mengi na tutaendelea, lakini hilo alilifanya, nalo liandikwe.

Kioo hakikurudishwa. Hakuna aliyetangaza, hakuna kikao kilichofanyika. Sanduku limesogezwa ukutani na wanafunzi wanaweka mikoba yao juu yake. Watu humgusa Mama yule uso na magoti, wakipita darasani na wakitoka, na mashavu yameanza kung'aa.

Mgongo wanamwachia Mama mwenyewe. Tunamleta kila Jumapili. Huketi kwenye kiti chake nyuma, hushuka kwa vidole mpaka mahali mkono wako ulipochoka, na hapo husugua. Tukimwambia tuondoke, husema ngojeni kidogo, ndiyo kwanza anapata usingizi.

Unakumbukwa na Mama yako, mumeo, wanao, kifunguamimba na kitindamimba, mdogo wako Kipaza, wifi yako, mjomba seremala, ambaye patasi zake sasa ni butu, na wanafunzi wako wote, wa stoo na wa baada ya stoo.

Tutakukumbuka, Dada, siku zote tulizobakiza.