Maji Yaliyofunika Daraja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mkuyuni hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua binti.

Umeniuliza kwa nini babu yako, akikuta maji barabarani, alikuwa akishuka kwanza garini. Siku ya sherehe za Uhuru alikuwa dereva wa lori, ametupakia wanawake kutoka Magu tukaimbe Mwanza. Mvua ilikuwa imekatika. Mbele yetu, penye daraja, maji yalitanda kimya, meupe kama ziwa asubuhi, na ndege yangeyange wamesimama pembeni kama wanaota.

"Pita tu, tutachelewa!" tulimpigia kelele.

Alizima injini, akakunja suruali, akaingia majini na fimbo, akipima polepole. Katikati, fimbo ikazama yote. Daraja lilikuwa limesombwa.

"Mama zangu," alisema aliporudi, "leo hatufiki."

Kisha mmoja wetu akashuka, akaanza kuimba, nasi tukamfuata. Uhuru tuliucheza palepale kwenye matope, hadi jua likayageuza maji yale dhahabu. Jioni kila mmoja alirudi kwa watoto wake.

Nawe ukiyakuta maji, mwanangu, shuka kwanza uyatazame.

Bibi yako