Mkono wa Habuba Uliposimama

Naguru, Kampala

Kwa dada yangu mpenzi Fatumah, huko Kibera,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe, shemeji Latif na watoto hamjambo. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Habuba, nyanya yetu, anawasalimu, ingawa magoti yanamsumbua.

Najua umeninunia kwa kuahirisha harusi yangu eti kwa sababu ya malaria. Malaria gani ya miezi yote hii? Unakumbuka niliporudi kutoka kazini Dubai na kifua kipya, tukacheka sana. Mwaka jana ile mifuko ya silikoni ilianza kunitesa. Titi la kushoto likawa gumu kama embe bichi, likavutika juu, upande ule silalii. Nikanyamaza, maana msiba wa kujitakia hauna kilio.

Siku ya kwanza ya kunisinga dilka, ule unga wetu wa manukato wa kusugulia mwili kabla ya harusi, Habuba alinisugua mgongo na mabega, akafika kifuani, mkono wake ukasimama. Alinifuta dilka yote, akaniamuru nivae twende hospitali. Njia nzima alilia, akidhani ni ugonjwa uliomchukua mama.

Daktari alisema si saratani. Mwili ulikuwa umejenga ukuta kuuzunguka mfuko na kuubana. Alishauri aitoe yote miwili, kisha achukue mafuta ya mapaja yangu mwenyewe ayadunge kifuani. Mengine yatashika, mengine yatayeyuka, na huenda tukarudia. Lakini mapaja yenyewe yako wapi? Basi Habuba akanilisha asida, maziwa na karanga hadi majirani wakasema bibi harusi ananoneshwa. Upasuaji umepita salama. Kifua ni kidogo, laini, hakiumi. Mchumba wangu Nasif nimemweleza yote, na bado ananitaka.

Sasa dada, kaa chini. Nilimuuliza Habuba kwa nini siku ile alishtuka vile. Akasema wiki ya harusi yako, alipomsinga mama, aliugusa uvimbe. Alinyamaza asikuharibie sherehe, akiwaza atasema wageni wakiondoka. Wakaondoka, akamwona mama anavyofurahi, akashindwa. Mama alipokuja kuugundua mwenyewe, ulikuwa umeshaenea.

Kwenye simu hawezi kukwambia, ndiyo maana ameniomba niandike. Anasema hatanisinga tena mpaka uje umwambie usoni kama umemsamehe au la. Mimi nilikasirika, sikufichi. Nilikataa hata salamu yake. Jioni akaniletea asida, akaiweka mlangoni, akaondoka. Nikala.

Dilka iko kwenye bakuli, imefunikwa. Njoo, dada, hata kama ni kwa kugomba.

Wabusu watoto, na shemeji mpe salamu zangu nyingi. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Maimunah