Tambiko Juu ya Mawe ya Mama Kulwa

Baba,

Matanga yako yameanuliwa jana. Mama amerudi kulala kitandani, mikeka ya sebuleni imekunjwa, na majirani wa hapa Makole wamekuja kuchukua masufuria yao, ila moja kubwa halina mwenyewe, kila mtu analikana. Limekaa uani, nafulia.

Nakuandikia kukueleza safari tuliyokwenda kabla ya kuanua. Ilikuwa safari yako, na wewe hukuwepo.

Nianze na ya nyumbani. Mama hajambo, anakula ukimkalia. Ile Landrova ya ofisi uliyoiendesha mpaka siku ya kupunguzwa kazi imeuzwa mnadani. Nimeiona stendi, imepakwa rangi ya kijani, imejaa vitunguu hadi juu ya kabini. Siku hizi kila kitu ruksa, hata gari la serikali kunuka vitunguu. Nilidhani nitaumia nikiiona. Nikaitazama, nikaenda kununua nyanya.

Ndivyo nilivyo tangu siku ile. Tulipokukuta kitini umenyamaza na redio bado inasema, wenzangu walipiga yowe, mimi nikaenda kuzima redio. Makaburini nilikuwa nikitazama viatu vya mchungaji, kimoja kilikuwa na kamba ya kahawia na kingine kamba nyeusi. Shangazi zangu wakanong'ona kwamba mtoto wa kwanza, tena wa kike, ana jicho kavu kama jiwe la kusagia. Hata neno lenyewe la kifo lilikataa kutoka mdomoni. Mtu akija kukuulizia nasema, "Mzee hayupo." Anauliza atarudi saa ngapi, nabaki kumkodolea macho, mpaka Mama anatoka ndani kunisaidia.

Na msiba wako, Baba, ulikuwa wa heshima mno. Watu wa ofisini walikuja na suti zao za mitumba, wakasoma wasifu, wakasema ulikuwa mchapakazi. Hakuna aliyekutukana hata kidogo! Yule jirani yetu Mnyamwezi, aliyekuwa anakuita kila asubuhi, "We Mgogo, leo hujatoka kuomba?", naye alipunguzwa kazi, akarudi kwao Tabora. Basi hapakuwa na mtani. Msiba wa Mgogo asiwepo Mnyamwezi wa kumsema marehemu, wa kujilaza mlangoni jeneza lisipite mpaka apozwe na chochote, huo si msiba, ni mkutano. Tulikuzika kama tunafunga kikao.

Baba Mdogo ndiye aliyekataa matanga yasianuliwe. Alikuja kutoka kijijini na kofia yake ile ile, akakaa, akasema Babu hajaambiwa. "Mtoto hawezi kuingia kwa babake kimyakimya kama mwizi. Lazima apigiwe hodi." Nikamwambia Babu mwenyewe yuko mlimani, kwenye ule mji wa machimbo, na hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuliona kaburi lake. Akasema, "Ndiyo tutakwenda kuliona."

Unajua mwenyewe tulivyokua na habari za mji ule. Mjerumani aliujenga mwishoni mwa karne ya kumi na tisa akichimba dhahabu, Mwingereza akaja kuikwangua iliyobaki, kisha wakafunga wakaondoka. Babu alikwenda huko kutafuta kodi ya kichwa wewe umeachishwa ziwa juzi na Baba Mdogo bado yumo tumboni, na hakurudi. Umeendesha gari Kondoa, Manyoni, Kongwa, kote umefika, lakini pale hukufika. Siku moja tukiwa njiani kwenda Mpwapwa ulisimamisha gari, ukaonyesha mlima kwa kidole. "Babu yenu yuko kule." Tukasema twende. Ukasema, "Kule hakuna barabara," ukashuka kukagua tairi. Tairi zilikuwa nzima, Baba. Nilikuwa mdogo lakini niliona.

Basi tukaenda, mimi na Baba Mdogo. Tulilala Mpwapwa kwa shangazi, asubuhi tukaanza kupanda. Yeye alibeba kibuyu cha pombe, ugimbi aliopika mkewe mwenyewe, mimi nilikumbatia kuku mweusi. Upepo wa kiangazi ulikuwa mkali, kuku amejificha kwapani kwangu, na Baba Mdogo anasimulia njia nzima jinsi mlivyokuwa mkiiba karanga za mzungu. Huyu mzee hachoki, miguu wala mdomo.

Juu ule mji upo, Baba. Upo kweli. Nyumba za mawe zimepangana kwa mistari, hazina mapaa, na miti imeota ndani kama wapangaji. Kuna tanuri la mikate, ndani yake mbuzi wamelala. Kuna ngazi nzuri za mawe, unapanda, unafika juu, hakuna kitu, nyumba ilishaondoka. Reli za vitoroli zimepita katikati ya mtaa na zimekatwakatwa, vyuma vimeibwa. Niliingia nyumba moja nikakuta dirisha, nikasimama kutazama bonde lote hadi kule mbuga inapokuwa nyeupe kwa jua. Nilijua kwamba panapendeza. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba chai ni ya moto kabla hujainywa. Nikatoka.

Makaburi ya wazungu tuliyapata mara moja, yamezungushiwa ukuta, yana misalaba ya chuma na maandishi. Ya watu wetu hakuna. Baba Mdogo alizunguka kila kichaka, fimbo mkononi, anaita kwa Kigogo, "Mbukwenyi! Mbukwenyi!" kama anaingia nyumba ya watu. Mimi nafuata na kuku.

Mara akasimama. Nyuma ya nyumba ya mwisho palikuwa na rundo la mawe, refu kama mtu, limepangwa vizuri, limefunikwa matawi ya miiba. Wewe unajua jinsi wazee wetu walivyokuwa wakifunika makaburi, mawe, kisha miiba ili fisi asifukue. Baba Mdogo akavua kofia. "Ndiye huyu."

Tukaondoa miiba, mikono ikatoboka. Akamchinja kuku, damu ikamwagika juu ya mawe. Akamwaga ugimbi kidogo kidogo, akaanza kusema. Akamwambia lile rundo ukoo wote, nani kazaliwa, nani kaoa, mvua za miaka yote, ng'ombe waliokufa, mashamba ya zabibu, jinsi vitu vilivyopanda bei. Ilipofika kwako sauti ikamkatika, akalia kama mtoto, amekumbatia mawe. Mimi nilisimama pembeni. Nikawaza kwamba yale mawe yamepondwapondwa sana kwa kaburi. Nikawaza tena kwamba labda miguu yangu imeumia, maana soli ya kiatu ilikuwa imeachia. Hivyo tu ndivyo nilivyowaza mbele ya babu yangu.

Ndipo tukasikia nyuma yetu, "Jamani! Nani amekufa kwenye mawe yangu?"

Mwanamke, mnene, kichwani ana beseni, kiunoni amefunga khanga mbili. Anaitwa Mama Kulwa. Siku hizi wachimbaji wadogo wamerudi mle, wanatafuta mabaki, na lile rundo ni mawe yake ya dhahabu aliyoyatoa shimoni, anasubiri kuyatwanga. Miiba aliiweka yeye, kwa ajili ya wezi na mbuzi. Baba, tulikuwa tumemtambikia mtu mali yake! Baba Mdogo alibaki amepiga magoti, mdomo wazi, chozi limening'inia kwenye ndevu.

Mama Kulwa akatua beseni. Akatuangalia, akaangalia kibuyu, akaangalia damu. "Nyie kabila gani?"

"Wagogo," Baba Mdogo akasema, kwa sauti ya mtuhumiwa.

"Nilijua! Mimi Mnyamwezi." Na pale pale, Baba, akajibwaga juu ya rundo, akajilaza chali, akasema haamki. Akatupigia kelele mpaka wenzake wakatoka mashimoni kuja kutazama. Wagogo kwa kuomba mmezidi, akasema, hata maiti yenu inaomba mahali pa kulala bure! Haamki mpaka apewe huo ugimbi uliobaki na huyo kuku. Baba Mdogo akaelewa, uso ukamfunguka, nikamwona anarudi kuwa mtu. Akampa kibuyu. Mama Kulwa akakinywa chote, hakuacha tone, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Haya, huyo marehemu wenu alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikasema, "Dereva." Baba Mdogo akaongeza kwamba Babu alifia huku machimboni na wewe hukuwahi kufika.

"Dereva!" Akainuka akakaa. "Haki ya Mungu, sikilizeni Wagogo! Mtu kaendesha gari maisha yake yote, kashindwa kufika hapa juu kumsalimia babake, mpaka kafa ndiyo analetwa kwa kibuyu! Mwoga mkubwa huyo! Na nauli hakulipa!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Hakuna aliyekujua kama mwanamke yule, na hajakuona hata siku moja. Ulikuwa mwoga, Baba. Uliogopa mlima mmoja tu, duniani kote, na mimi nilikupenda na woga wako, na nilikuwa nikizikagua zile tairi pamoja nawe ili usione kwamba nimeona. Hakuna aliyethubutu kulisema hilo mbele ya jeneza. Walisoma wasifu.

Kuku alichomwa kwenye moto wa wachimbaji. Mama Kulwa alinipa paja, akasema kula, mfiwa mwembamba anatia aibu msiba. Nikatafuna. Katikati ya kutafuna machozi yakaanza kuja, si mengi, yanakuja polepole kama bomba la Nkuhungu siku ya mgao wa maji, na nyama bado imo mdomoni. Mama Kulwa alinipigapiga mgongoni, akaendelea kukutukana.

Alipokwisha kula akatuambia ukweli. Watu wa zamani hawakuzikwa popote. Wako ndani. Shimo kubwa la Mzungu liliporomoka na watu wake, likaachwa hivyo, na wao wachimbaji wa leo kila wakianza shimo jipya huenda kwanza pale kuwaomba radhi. Akatupeleka. Ni mdomo wa pango tu, umezibwa na mawe makubwa, juu umebaki uwazi wa kuingia kichwa. Hewa ya baridi inatoka humo mchana kutwa.

Ugimbi umekwisha, kuku ameliwa. Baba Mdogo akanisukuma mbele. "Mimi nimeshasema yangu, nikayasemea mawe ya watu. Sema wewe. Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza."

Sikuwa na kitu mkononi. Nikaingiza kichwa kwenye ule uwazi, nikasema, "Babu, shikamoo. Mimi ni mjukuu wako. Baba amekufa."

Nilisema hivyo, Baba. Umekufa. Sauti yangu iliingia ndani na haikurudi, nikasubiri, haikurudi.

Kisha nikafikiri jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Babu alipoingia mle alikuwa kijana. Huenda hata ndevu zilikuwa hazijamjaa. Na wewe unakwenda kwake una mvi, una kitambi, unakohoa kabla ya kusema. Hatakujua. Ataona mzee anakuja, atasimama kwa adabu, atakuamkia. Nikaogopa hilo kuliko yote, nikarudisha kichwa humo ndani nikampigia kelele, "Babu, atakuja mzee! Ana mvi! Amevaa sweta ya bluu aliyofumiwa na Mama! Usimwamkie, Babu! Huyo ni mtoto wako!"

Baba Mdogo alinishika bega tukashuka. Njia nzima hakusimulia kitu.

Kwa hiyo matanga yakaanuliwa jana, kama nilivyosema. Shangazi zangu wameniona macho yamevimba, wameridhika. Bado siko sawa. Kutwa nzima naweza kukaa nisisikie chochote, halafu inakuja kidogo, halafu inakwisha. Lakini leo amekuja kijana wa pensheni kukuulizia kuhusu kiinua mgongo, na kabla Mama hajatoka ndani nilishamjibu mwenyewe.

Nakuahidi haya. Mama atazeeka na mimi pembeni. Kila mwaka baada ya mavuno nitapanda kule, barabara iwepo isiwepo, na kibuyu nitamfikishia Babu kikiwa kimejaa, nikimpitishia na Mama Kulwa chake, maana asipopewa atajilaza njiani.

Nenda sasa, Baba. Usizunguke. Usishuke kukagua tairi. Ukimwona kijana mmoja amesimama peke yake, ana vumbi la mawe nywele nzima, anakutazama kama mtu asiyekujua, usimpite.

Mwamkie wewe kwanza.

Mwanao.