Mfupa Unaolibeba Jicho

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta magoti yako yamepunguza ukorofi, na Baba ameacha kujifanya hasikii kila anapotumwa dukani. Mimi ni mzima. Umelalamika kwamba kitindamimba wako amekuwa bubu, anatuma ujumbe badala ya kupiga simu. Hilo nitalifikia, nivumilie kwanza nikueleze ya kazini.

Unaijua kazi yangu hapa hospitalini: kusoma maelezo ya madaktari na kuupa kila upasuaji msimbo wake, ili bima ijue inalipia nini. Jambo ambalo daktari hakuliandika, kwetu ni kama halikutendeka.

Mwezi uliopita lilifika jalada la kijana aliyeanguka kazini akavunjika shavu na taya. Upasuaji wa kwanza ulikwenda vizuri, lakini alibaki akiona kila kitu mara mbili, na bila upasuaji wa pili angebaki hivyo maisha yake yote. Mimi sikuruhusiwa kulishika jalada hilo, kwa hiyo nililikabidhi kwa jirani yangu wa meza, tunayemwita Shangazi kwa ukali wake. Daktari alikuwa ameandika tu kwamba anaomba kurekebisha umbo la uso. Shangazi akatoa msimbo unaolingana na maneno hayo, na bima ikajibu kwamba hailipii urembo.

Urembo, Mama! Nilikuwa nimemwona kijana wa watu akimimina maji pembeni ya glasi. Nilijua kwamba mfupa mwembamba unaolibeba jicho umebonyea na kuunasa msuli. Lakini nilichokiona mimi si ushahidi ofisini, na kumnong'onezea Shangazi kungekuwa upendeleo. Mwishowe nilimwuliza swali moja tu: je, mtu huombewa kisu cha pili usoni kwa ajili ya sura, ilhali taya lake bado limefungwa waya? Shangazi alinitazama juu ya miwani, akasema nina maneno mengi kwa mtu asiyehusika, kisha akavaa viatu anavyovivua chini ya meza, akapanda wodini.

Daktari, kama Shangazi alivyotusimulia baadaye, alinung'unika kwamba yeye ni mpasuaji, si mtunzi wa riwaya. Naye akamjibu kwamba bima haimwoni mgonjwa, inasoma tu, hivyo aandike. Daktari akaandika: mfupa, msuli na yote. Msimbo ukabadilika, bima ikakubali. Sijui hadi leo kama lile lilikuwa swali halali au mnong'ono uliojifanya swali. Huenda yote mawili.

Sasa keti, kama umesimama. Ofisi yetu hairuhusu mtu kushughulikia jalada la ndugu yake. Ni kitindamimba wako, Mama. Aliteleza kwenye ngazi akipaka rangi dari. Alinisihi, kwa kuandika, nisikwambie hadi apone, kwani ukija utamchekesha na mishono ifumuke. Upasuaji wa pili umeshafanyika. Jana alichora mstari wa rangi kwenye ukuta wangu, bila kuniomba ruhusa, akarudi nyuma akautazama kwa muda mrefu, kisha akaniinulia kidole kimoja: anauona mmoja.

Waya za taya zitafunguliwa Ijumaa, naye atakupigia mwenyewe. Sauti yake itakuwa nzito kama ya mlevi, usiogope. Mgombeze taratibu, maana atataka kujibu.

Baba mpe habari hizi kwa sauti ya chini. Hapo ndipo husikia.

Ni mimi mwanao wa kwanza, ninayengoja zamu yangu ya kugombezwa.